Decazeville: Mji wa Ufaransa unaofungua historia ya makaa ya mawe kwa atembeaye kwa miguu

Kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Aveyron, upo mji mdogo ambao miaka 200 iliyopita haukuwepo kwenye ramani yoyote. Makaa ya mawe ndiyo yaliyouzaa, yakaulisha kwa zaidi ya karne moja na nusu, kisha yakauacha. Mji huo ni Decazeville. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na wakazi zaidi ya 14,000. Leo wamebaki takriban 5,000.

Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 2001. Tangu hapo Decazeville na miji jirani yake imekuwa ikijaribu kujibu swali linaloisumbua kila sehemu iliyotegemea madini: yakiisha, au yakikosa soko, watu wanabaki na nini?

Sehemu ya jibu lao inaonekana barabarani. Kuta zimepakwa michoro mikubwa ya rangi, shimo la mgodi limegeuzwa ziwa, na mgeni anaalikwa kuuona mji kwa kutembea. Makala haya yanaeleza anayetembea Decazeville anakutana na nini, vitu hivyo vilifikaje hapo, na kama matembezi hayo yanaweza kweli kuushika mji usianguke.

Mji uliopewa jina la mwekezaji

Miji mingi midogo ya Ufaransa ina kanisa la kale, ngome au soko la karne za kati. Decazeville haina hata kimoja kati ya hivyo. Jina lenyewe linaeleza sababu: kwa Kifaransa "ville" ni mji, kwa hiyo Decazeville ni "mji wa Decazes".

Élie Decazes alikuwa mwanasiasa na kabaila, waziri aliyekuwa karibu sana na mfalme Louis wa 18. Alipoondoka madarakani aligeukia biashara, na mwaka 1826 ikaundwa kampuni ya kuchimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma katika bonde hili. Kazi ya kulijenga eneo lenyewe ilisimamiwa na mhandisi François Cabrol. Palikuwa na mashamba na nyumba chache. Katika muda wa miaka michache pakawa na matanuru, karakana na mistari ya nyumba za wafanyakazi.

Mpango huo ulikuwa na mantiki. Makaa ya mawe yalikuwa karibu na uso wa ardhi, na Ufaransa ilikuwa inaingia katika zama za reli. Kila kilomita ya njia ya treni ilihitaji vyuma, na kila tanuru lilihitaji makaa. Wafanyakazi walitoka kwanza vijiji vya jirani, baadaye wakaja wengine kutoka Hispania, Poland na kwingineko. Mpaka leo majina ya ukoo yaliyoandikwa kwenye visanduku vya barua yanaonyesha safari hizo.

Ndiyo maana urithi wa Decazeville unahitaji kutafutwa. Hauko katika jengo moja ambalo basi la watalii linaweza kusimama mbele yake kwa dakika 10. Umetawanyika: kipande mtaani, kipande kanisani, kipande kwenye kilima. Kuuona kunahitaji miguu.

Alama nyeupe na nyekundu

Ufaransa ina utamaduni mkubwa wa kutembea, na utamaduni huo una mpangilio wake. Mwaka 1947 iliundwa kamati ya kitaifa ya njia ndefu za miguu, ambayo ndiyo chimbuko la shirikisho la sasa la watembeaji. Kamati hiyo ilianza kuziunganisha njia za wakulima, wachungaji na mahujaji kuwa mtandao mmoja wenye alama zinazofanana nchi nzima.

Alama hizo ni rahisi kuzisoma. Mstari mweupe juu ya mstari mwekundu, uliopakwa kwenye mti, jiwe au nguzo ya umeme, unamaanisha njia ndefu inayoweza kuchukua siku au wiki kadhaa. Njia hizo huitwa GR na kila moja ina namba. Mstari wa njano peke yake ni wa matembezi mafupi, mengi yakiwa ya saa chache na yanayokurudisha ulipoanzia. Ukiona mistari miwili imekatana kama herufi X, umepotea njia, geuka.

Decazeville iko kwenye mojawapo ya njia maarufu zaidi, GR 65. Njia hiyo inafuata barabara ya kale ya mahujaji wa Kikatoliki waliokuwa wakitoka Le Puy-en-Velay kwenda Santiago de Compostela, Hispania, mahali panapoaminika kuwa pana kaburi la mtume Yakobo. Mwaka 1998 UNESCO iliziingiza njia hizo za Ufaransa katika orodha ya urithi wa dunia.

Anayetoka Conques, kijiji chenye kanisa la abasia la karne ya 11 na 12, hutembea takriban kilomita 20 kabla ya kuingia Decazeville. Tofauti ya sehemu hizo mbili ni kubwa. Conques ni mawe ya kale na paa za kupendeza, mahali ambapo kila mtu hupiga picha. Decazeville ni mji wa kazi uliokosa kazi. Kwa miaka mingi mahujaji wengi waliupita haraka, wakitaka kufika mto Lot kabla ya jua kuzama. Kuwafanya wasimame, angalau kwa usiku mmoja, ni jambo lenye maana ya moja kwa moja kwa mwenye nyumba ya wageni, mwoka mikate na mwenye mgahawa.

Picha 14 zisizo na saini

Katikati ya mji lipo kanisa la Notre-Dame, lililojengwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya idadi ya watu iliyokuwa ikiongezeka haraka. Kwa nje halina cha kumsimamisha mpita njia. Ndani yake kuna jambo ambalo hata wenyeji hawakulijua kwa miaka 100.

Kama makanisa mengi ya Kikatoliki, lina Njia ya Msalaba, yaani vituo 14 vya mateso ya Yesu, vikiwa katika picha ukutani. Picha hizo zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1860. Hazikuwa na saini. Waumini walisali mbele yake, wakaoa, wakazika ndugu zao, na hakuna aliyeuliza mchoraji ni nani.

Ni katika miaka ya 1960 ndipo ilipothibitishwa kwamba mchoraji ni Gustave Moreau, mmoja wa wasanii wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 19, ambaye nyumba yake mjini Paris sasa ni jumba la makumbusho, na ambaye baadaye alimfundisha Henri Matisse. Wakati anaipokea kazi ya Decazeville hakuwa bado na jina, na alitaka isiwekwe saini yake.

Hili linampa mtembeaji somo dogo kuhusu urithi. Kitu kinaweza kukaa machoni pa watu miaka 100 bila kuonekana. Thamani haikuongezwa na rangi mpya wala jengo jipya. Iliongezwa na mtu aliyeuliza swali.

Mji huu pia ndiko alikozaliwa Emma Calvé, mwaka 1858, mwimbaji wa opera aliyepata sifa Ulaya na Marekani kwa kuigiza nafasi ya Carmen.

Shimo lililokuwa mgodi, sasa ni ziwa

Kutoka katikati ya mji, njia inapanda kuelekea eneo ambalo wenyeji wanaliita "la Découverte". Kwa Kifaransa cha kawaida neno hilo ni "ugunduzi", lakini kwa wachimbaji lina maana nyingine: mgodi wa wazi, ambapo udongo wa juu unaondolewa, kama mtu anayevuta blanketi, ili kuyafikia makaa bila kuchimba mahandaki.

Uchimbaji wa wazi ulianza hapa mwaka 1892 na kumalizika mwaka 2001. Kwa zaidi ya miaka 100 kilima kiliondolewa tabaka baada ya tabaka, mpaka likabaki bonde kubwa lenye ngazi pande zote, mfano wa uwanja wa michezo wa majitu. Mgodi ulipofungwa, kingo zilisawazishwa ili zisiporomoke, miti ikapandwa, na maji yakaachwa yajikusanye chini. Leo kuna ziwa, njia za kulizunguka, na watu wanaokuja na watoto na mbwa wao siku za mapumziko.

Juu ya ukingo umebaki mnara wa chuma wa mgodi, wa aina iliyokuwa ikiteremsha wachimbaji chini na kupandisha makaa juu kwa kamba za chuma. Ukisimama karibu nao unaona vitu viwili kwa wakati mmoja: maji ya kijani yaliyotulia, na ngazi za udongo mweusi ambazo miti bado haijazifunika zote. Asili imerudi, lakini haijafuta.

Anayetaka kujua makaa yenyewe yalitoka wapi ana jumba la makumbusho ya jiolojia mjini, lililopewa jina la Pierre Vetter. Humo mna mabaki ya mimea iliyogeuka mawe. Takriban miaka milioni 300 iliyopita, bonde hili lilikuwa kinamasi chenye miti mikubwa ya jamii ya mikia ya farasi. Miti hiyo ilianguka, ikafunikwa na tope, ikabanwa, na baada ya muda mrefu mno ikawa makaa ya mawe. Mchimbaji aliyekuwa akipasua jiwe angeweza kukuta ndani yake jani ambalo kila mshipa wake unaonekana.

Katika mji jirani wa Aubin lipo jumba jingine, la mgodi, lenye jina la Lucien Mazars. Hilo linaeleza upande wa binadamu: taa, vifaa, na jinsi handaki lilivyotegemezwa kwa magogo.

Miaka mitatu ya kukumbuka: 1869, 1886, 1961

Kuna sehemu ya urithi wa bonde hili ambayo haina jengo. Ni migomo, na bila kuijua, mtembeaji hawezi kuelewa kwa nini watu hapa wanazungumzia mgodi kwa fahari na uchungu pamoja.

Oktoba 1869, wachimbaji wa Aubin waligoma. Jeshi lilifyatua risasi, na watu 14 waliuawa. Tukio hilo liliishtua Ufaransa, na mwandishi Victor Hugo alilitungia shairi.

Januari 1886, Decazeville yenyewe ililipuka. Wafanyakazi waliochoshwa na kupunguzwa ujira walimvamia Jules Watrin, mhandisi aliyekuwa naibu mkurugenzi, ambaye walimwona ndiye chanzo cha taabu zao. Alitupwa nje kupitia dirishani na akafa. Mgomo uliofuata ulidumu miezi kadhaa, na ukawa suala la kitaifa bungeni Paris, ambapo wabunge waliotoka tabaka la wafanyakazi walianza kusimama kama kundi lenye sauti yake.

Mgomo wa tatu ndio ambao bado una mashahidi. Mwaka 1946 migodi ya Ufaransa ilitaifishwa. Miaka 15 baadaye, shirika la serikali la makaa ya mawe lilitangaza kwamba migodi ya chini ya ardhi ya Decazeville itafungwa, kwani haikuwa na faida tena. Tarehe 19 Desemba 1961 wachimbaji waliteremka na kukataa kupanda. Walikula Krismasi na Mwaka Mpya chini ya ardhi, huku wake zao wakiwapelekea chakula mlangoni mwa mgodi. Wenye maduka, walimu, mapadri na mameya wa bonde zima waliwaunga mkono.

Hawakuwa wanagombea ujira tu. Mchimbaji alikuwa na hadhi yake kisheria: pensheni ya mapema, nyumba, matibabu. Kuhamishiwa kiwanda kingine kulimaanisha kuanza upya kama kibarua mgeni. Baada ya siku 66, Februari 1962, walipanda juu bila kupata walichodai. Migodi ya chini ya ardhi ilifungwa mwaka 1966, ukabaki ule wa wazi.

Kuta zinazosema

Kati ya vitu vyote vya matembezi haya, kinachoonekana kwanza ndicho kipya kuliko vyote. Tangu mwaka 2019, tamasha la sanaa ya mtaani liitwalo Mur Murs limekuwa likiwaleta wachoraji katika Decazeville na miji inayoizunguka. Jina hilo ni mchezo wa maneno: "mur" ni ukuta, na neno zima likitamkwa linasikika kama "mnong'ono". Sasa kuna makumi ya michoro kwenye kuta za nyumba, shule, maghala na madaraja.

Tofauti ya michoro hii na maandishi ya usiku ni suala la ruhusa. Sheria ya adhabu ya Ufaransa inamtoza faini ya hadi euro 3,750 anayechora au kuandika kwenye ukuta wa mtu bila idhini, hata kama uharibifu ni mdogo. Kwa mchoro wa tamasha, mwenye ukuta anakubali kwanza, halmashauri ya mji inaidhinisha, na msanii analipwa. Ndipo ukuta unaposafishwa na kurekebishwa, jukwaa la kunyanyulia watu likaletwa, na mchoraji akafanya kazi mchana, watu wakimtazama.

Kwa nini mji maskini utumie fedha kupaka kuta rangi? Sababu ya kwanza ni kwamba kuta tupu ni nyingi. Nyumba ikibomolewa, ubavu wa nyumba ya jirani hubaki wazi, bila dirisha. Kila ukuta wa namna hiyo unamkumbusha mkazi kwamba mji unapungua. Mchoro hauirudishi nyumba iliyobomolewa, lakini unabadilisha kinachoonwa na mtoto anayekwenda shule.

Sababu ya pili ni gharama. Kukarabati mtaa mzima ni mradi wa miaka na mamilioni ya euro. Mchoro mmoja unachukua siku chache.

Sababu ya tatu inahusu miguu. Michoro imesambazwa makusudi katika mitaa tofauti, kwa hiyo anayeifuata kwa ramani ya ofisi ya utalii analazimika kupita mahali ambapo asingepita: nyuma ya kiwanda, kando ya reli, katika mtaa wa nyumba za wachimbaji. Mchoro ndio chambo. Kinachonaswa ni mji wenyewe.

Si kila mkazi anapenda kila mchoro, na hilo linatarajiwa. Rangi pia hupauka, na mji unaozijaza kuta zake unajitwika kazi ya kuzitunza.

Kijito kilichokufa na uhusiano wake na Katanga

Kilomita chache kutoka katikati ya mji, ukifuata bonde, uko Viviez, ambako ndiko kituo cha treni kilipo. Kijito kinachopita hapa kinaitwa Riou Mort, yaani kijito kilichokufa kwa lugha ya Kioksitani, lugha ya asili ya kusini mwa Ufaransa.

Viviez ni mji wa zinki. Tangu karne ya 19 kiwanda chake kilikuwa mali ya kampuni ya Vieille-Montagne, yenye asili ya Ubelgiji. Zinki hiyo ilifunika paa za nyumba nyingi za Ufaransa, lakini madini yanayotoa zinki huambatana na kadimiamu, metali yenye sumu. Kwa miongo mingi mabaki yake yaliingia Riou Mort, kisha mto Lot, kisha Garonne, mpaka kwenye mdomo wa mto Gironde, mamia ya kilomita kuelekea bahari ya Atlantiki. Mwaka 1986 kulitokea uchafuzi mkubwa uliolazimisha shughuli za kiwanda kubadilishwa. Chaza wa mdomo wa Gironde hawakuruhusiwa tena kuvunwa kwa ajili ya kuliwa, kwa sababu kadimiamu ilikuwa imejikusanya katika miili yao.

Hapa msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anaweza kukutana na jina analolijua. Mwaka 1989 Vieille-Montagne iliunganishwa na Union Minière, kampuni iliyotokana na Union Minière du Haut-Katanga, ile iliyochimba shaba ya Katanga tangu mwaka 1906 hadi serikali ya Kongo ilipoitaifisha migodi mwaka 1967. Mwaka 2001 kundi hilo lilibadili jina na kuwa Umicore. Ni kampuni hiyo iliyofanya kazi ya kusafisha udongo wa Viviez katika muongo wa 2010.

Kinachotenganisha bonde hili na maeneo mengi ya madini duniani hakikuwa wingi wa sumu. Ni kwamba mchafuzi alijulikana kwa jina, alikuwa bado yupo, na serikali ilikuwa na nguvu za kumwambia arudi kusafisha. Hata hivyo, ilichukua miongo, na mwenye bustani karibu na kiwanda bado anapaswa kujua historia ya udongo wake kabla ya kupanda mboga.

Mlima unaofuka na kilima cha jiwe la kijani

Anayebaki siku ya pili ana mambo mawili ya asili yaliyo karibu.

La kwanza ni Cransac, mji mdogo wa tiba. Chini ya kilima chake, matabaka ya makaa ya mawe yanaungua yenyewe polepole, na joto lake hutoa gesi moto ardhini. Badala ya kuiona kama balaa, watu walijifunza kuitumia: wagonjwa wa baridi yabisi na maumivu ya viungo huja kukaa katika vyumba vinavyopitishiwa gesi hizo. Makaa yaliyoajiri watu yanaendelea kuwaajiri wengine, bila kuchimbwa.

La pili ni Puy de Wolf, kilima kilicho Firmi, chenye urefu wa zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kimeundwa kwa serpentini, jiwe la kijani kibichi lenye metali nyingi na rutuba kidogo. Mimea mingi haiwezi kuishi juu yake, na kwa sababu hiyo ile inayoweza, zikiwemo aina adimu za jimbi, haina mshindani. Kilima kinaonekana kikavu na maskini kwa mbali. Kwa mtaalamu wa mimea, ni mojawapo ya sehemu tajiri za mkoa mzima.

Je, matembezi yanalisha mji?

Swali hili lilipata jibu gumu Novemba 2021. Kiwanda cha SAM cha Viviez, kilichotengeneza vipuri vya magari, kilifungwa baada ya Renault, mteja wake mkuu, kukataa kuunga mkono mpango wa mnunuzi. Zaidi ya watu 300 walipoteza kazi. Walikikalia kiwanda kwa miezi kadhaa, mpaka Aprili 2022, wakihofia mashine kuondolewa. Kwa wengi katika bonde hili ilikuwa kama kuusikia tena mgomo wa 1961.

Wakati huo michoro ilikuwa tayari ukutani na ziwa lilikuwa tayari limejaa. Havikuokoa ajira hata moja ya kiwanda. Mhujaji anayelala usiku mmoja na kununua mkate hawezi kuchukua nafasi ya mshahara wa fundi wa chuma, na itakuwa si haki kuuambia mji kwamba sanaa itafanya kazi ambayo viwanda vimeshindwa.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo matembezi yanaifanya. Mji unaopungua hupoteza kwanza vijana, kisha maduka, na hatimaye hoja ya kwa nini uendelee kuwepo. Mgeni anapouliza picha zile za kanisani ni za nani, au mnara ule ulifanya kazi gani, mkazi anayejibu anagundua kwamba ana kitu cha kueleza. Hilo haliingii kwenye hesabu za ajira, ila bila hilo hakuna anayebaki kuzisubiri ajira nyingine.

Kwa anayetaka kwenda

Kituo cha Viviez-Decazeville kiko kwenye reli kati ya Capdenac na Rodez, na kutoka hapo ni kilomita chache hadi katikati ya mji. Siku moja inatosha kwa kanisa, michoro ya katikati ya mji na ziwa la Découverte. Siku mbili zinaongeza Aubin au Cransac. Mji umejengwa katika bonde, kwa hiyo karibu kila njia ina mpando: viatu vyenye soli imara ni muhimu kuliko mkoba mkubwa. Majumba ya makumbusho ya miji midogo hayafunguliwi kila siku, hasa nje ya majira ya joto, kwa hiyo ulizia saa kwanza ofisi ya utalii, ambako pia hupatikana ramani ya michoro.

Anayeendelea na GR 65 hupanda kilima upande wa pili wa mji, kisha hushuka hadi Livinhac-le-Haut, kwenye ukingo wa mto Lot. Kabla ya kuteremka, inafaa kugeuka nyuma. Kutoka juu unaliona bonde zima mara moja: paa, kuta za rangi, kiwanda cha Viviez kwa mbali, na palipokuwa na kilima, pengo kubwa ambalo miti inalijaza taratibu.